Mwenye Njaa Naye Hataki Kujulikana

(Haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi katika chumba cha darasa la kwanza la shule yetu, kata ya Unga Limited, Arusha, mbele ya wazazi na vijana waliojiandikisha kuja kusaidia jikoni. Waliniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, na pale nilipopotea njia nimeacha vilevile.)

Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliokalia madawati ya watoto mpaka magoti yamefika kidevuni: shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo. Itifaki mtanisamehe, mimi si mtu wa majukwaa. Ni muuza maharage wa soko la Kilombero, na huu ni mwaka wa nane napika uji wa shule hii. Kwa kujitolea. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kila mwaka kuna kijana mmoja anayenivuta pembeni wiki ya pili na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, posho inatoka lini?" Mwanangu, posho ni uji. Ukibaki.

Nimeambiwa niwaeleze kazi ilivyo, na nitaeleza. Ila kuna jambo moja nililolijua kwa kulikosea, na nataka mlisikie kabla sijaanza habari za masufuria. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni kweli. Lakini hawakutuambia kipande cha pili: mwenye njaa naye hataki kujulikana.

Hebu niambieni, nani anajua kwa nini kata yetu inaitwa Unga Limited? Mnacheka. Ni jina la kiwanda cha kusaga unga. Kata nzima imeitwa kwa unga, na mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi tumbo halina kitu! Si kwamba mama yake hampendi. Mama ameshaondoka saa kumi na moja kuwahi mzigo sokoni, baba yuko kwenye kibarua au hayupo kabisa, na aliyebaki nyumbani kuwaamsha wadogo ni dada wa darasa la tano. Wakibahatika kuna chai ya rangi na andazi la jana. Wasipobahatika wanakunywa maji, wanapiga mswaki, wanakuja shule meno meupe.

Tulianza mwaka 2017. Mwaka mmoja nyuma, Januari 2016, elimu bila ada ilikuwa imeanza, na watoto waliingia shuleni kama maji ya mfereji. Walikuja waliokuwa wamefichwa majumbani, walikuja waliokuwa wakiokota chupa. Jambo zuri hilo, sitaki mtu aniseme vibaya. Ila wazazi wengi tulielewa kwamba bure ni bure ya kila kitu. Haikuwa hivyo. Kilichofutwa ni ada, na chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki juu ya mzazi. Hapo ndipo vikao vikawa vya kelele. Huyu anasema serikali imekataza michango, yule anasema ana waraka kwenye simu, mwalimu mkuu wa wakati ule amekaa kimya anaogopa kuonekana anachangisha. Na watoto wako dirishani wanatusikiliza.

Sisi akina mama saba tukasema basi, tutapika, na mwenye uwezo achangie. Tulikubaliana shilingi 200 kwa kikombe, 1,000 kwa wiki. Mimi wakanipa uhazini. Mimi ni Mpare wa Same, na mnajua Wapare tunavyosemwa kwenye mambo ya hesabu. Nikanunua kaunta buku, nikachora mistari kwa rula, nikaandika majina ya watoto wote darasa kwa darasa, na mbele ya kila jina kijisanduku. Aliyelipa, tiki. Asiyelipa, kijisanduku cheupe. Asubuhi nasimama mlangoni mwa jiko na daftari langu, naita majina. Nilijiona kama karani wa benki. Daftari lile lilikuwa safi sana, jamani. Mkaguzi yeyote angelipitisha.

Asiyelipa tulikuwa hatumfukuzi. Hilo nilikuwa nalisema kwa majivuno. Tulikuwa tunamwambia, "Subiri kidogo, wenzako wakimaliza utapewa kilichobaki." Na kwa kweli kilikuwa kinabaki, kwa hiyo nilikuwa nalala usingizi.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la tatu. Jina lake halina kazi hapa. Siku mbili tatu sikumwona kwenye wale wanaosubiri, nikajua kwao wamelipa kwa mama mwingine au anapata chai nyumbani. Siku ya nne nikamkuta ukutani, jua la asubuhi linampiga, wenzake wanakunywa. Nikamwambia njoo basi, uji upo. Akanijibu, "Sijisikii, bibi. Nimefunga."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi mitatu. Na yule mtoto kila Jumapili namwona kwenye kwaya ya watoto, mstari wa mbele, amevaa joho jeupe.

Mtoto wa miaka tisa amekaa usiku anatafuta uongo wenye heshima. Hakusema anaumwa, maana angepelekwa kwa mwalimu wa zamu. Hakusema ameshiba, maana nani angemwamini. Ametafuta katika yote aliyoyaona mtaani, akapata sababu moja ambayo mtu hali na watu wanamheshimu kwa kutokula. Akaazima mfungo wa jirani.

Nilirudi nyumbani na lile daftari langu safi, nikalifungua mezani. Vijisanduku vyeupe vilikuwa vingi darasa la kwanza mpaka la tatu, nikadhani ni kwa sababu wazazi wao bado hawajazoea. Nikaangalia tena mahudhurio ya uji ya wale weupe. Mwezi wa kwanza walikuwa wanasubiri. Mwezi wa pili wachache. Mwezi wa tatu karibu hakuna. Hawakuwa wamepata chakula. Walikuwa wamechoka kusimama ukutani. Tuliokuwa tunawapikia ndio waliokuwa hawali, na mimi nilikuwa nawalisha waliobaki na kuandika kwamba kazi inaendelea vizuri.

Wapo wazazi hapa watasema, sasa wewe mama unataka watu wasichangie? Subirini. Sikusema hivyo.

Nikiwa mdogo kule Same, miaka ya mwanzo ya 1980, nchi ilikuwa na njaa kweli. Kulikuwa na unga wa njano wa msaada kutoka Marekani. Tuliuita Yanga kwa ajili ya ile rangi, na hata sisi wa Simba tuliula Yanga bila kubishana. Shule nyingine zilikuwa na shamba, maana tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule ilitakiwa ilime. Sisi tulilima, tukavuna mahindi na maharage, tukala makande ya shule. Sikumbuki hata mara moja kujua nani kwao kuna kitu na nani kwao hakuna. Haikuwa kwa sababu tulikuwa watakatifu. Ni kwa sababu sufuria halikuwa na orodha. Umeshika jembe, hujashika jembe kwa kuwa una kidonda, sahani yako ipo. Sasa hapa mjini hata pa kuotesha mchicha hakuna, ukuta wa shule umebanana na vyumba vya kupanga. Lakini lile la kutokuwa na orodha halihitaji ekari.

Kwa hiyo tulibadilisha. Mchango upo mpaka leo, na nadhani baadhi yenu mnaukimbia, nawaona. Unakusanywa na wajumbe wa kamati ya wazazi huko mitaani, nyumba kwa nyumba, jioni, watu wazima kwa watu wazima. Mwenye hela anatoa hela. Asiye na hela anatoa mahindi, au debe la maji, au zamu mbili za kuosha vikombe. Asiye na chochote anasema sina, na linaishia mlangoni kwake. Kinachofika jikoni ni mzigo. Majina hayafiki. Mimi mpishi sijui nani kalipa, na nikijua kwa bahati mbaya natakiwa nisahau. Mtoto akishavaa sare akafika getini, au hata hajavaa sare, kikombe ni chake.

Watu waliniambia ukifanya hivyo hakuna atakayetoa. Walioacha kutoa ni wachache kuliko nilivyoogopa. Mzazi anayekataa kutoa kwa sababu mtoto wa jirani atakunywa bure yupo, sitadanganya, na mmoja wao amekaa humu ndani na leo amekuja, karibu sana. Lakini wapo wauzaji wenzangu wa Kilombero ambao hawana mtoto shule hii na kila Ijumaa wananiachia maharage yaliyovunjika na kilo mbili tatu za mahindi. Hao hawakuwahi kutoa wakati wa daftari. Nilipowauliza, mmoja akanijibu, "Wakati ule ilikuwa biashara yenu."

Kuna kijana wa chuo aliyejitolea hapa miaka mitatu iliyopita, alikuwa anapenda kusoma. Tukiwa tunasubiri maji yachemke alinionyesha kwenye simu habari za chama cha watu weusi wa Marekani, Black Panther. Mimi nilikuwa nawajua kwa picha tu, kofia nyeusi na bunduki. Kumbe mwezi Januari 1969, kwenye kanisa la Mtakatifu Augustino mjini Oakland, California, walianza kupikia watoto kifungua kinywa kabla ya shule. Mwaka haujaisha, kwa hesabu yao wenyewe walikuwa wanalisha watoto 20,000 katika miji 19. Mtoto haulizwi baba yake anapata kiasi gani. Anaingia, anakaa, anakula, anaondoka. Mkuu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wa wakati huo, J. Edgar Hoover, aliogopa ule mpango wa chakula akauona tishio kubwa. Nilicheka peke yangu jikoni. Mtu na bunduki zake zote anaogopa mayai na mkate! Kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa. Watu wakilisha watoto wa mtaa wao wenyewe, kila siku, bila kuwauliza maswali, mtaa unaanza kuwasikiliza wao.



Na hiyo si hadithi ya mbali kama mnavyodhani. Mwenyekiti wa hao Black Panther katika mji wa Kansas City, Pete O'Neal, aliikimbia nchi yake mwaka 1970, akapitia Algeria, akaingia Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte walijenga maisha yao Imbaseni, hapa Meru, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii. Ukipanda kifodi cha Usa River umekaribia. Watu wa kule waliopika mayai wamekuwa majirani zetu wa hapa miaka yote hii, na mimi nilihangaika na kaunta buku langu kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kulisha mtoto.

Majirani zetu Nairobi nao tangu 2023 wana majiko makubwa ya kaunti kwa chakula cha mchana. Mzazi analipa kwa simu shilingi 5 za kwao, mtoto anagusisha bangili yake mkononi, anapakuliwa. Wamemwondolea mtoto mzigo wa kubeba pesa, na hilo nimelipenda sana. Swali langu kwao ni lilelile la daftari langu: siku bangili haina kitu, yule mtoto anasimama wapi?

Haya. Masufuria.

Watoto wetu wanaokunywa uji ni kama 400. Kikombe kimoja kinataka unga gramu 50 hivi, ndiyo kilo 20 kwa siku, debe na kidogo. Wiki ni gunia la kilo 100. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, pigeni hesabu: wiki karibu 39, magunia 39. Nawaambia ili mjue kwa nini mtu akija na kilo 10 na kamera namshukuru kwa kilo 10, sifungui shampeni. Kuna mtu anayetoa na kuna mtu anayejitolea. Anayetoa analeta gunia anaondoka. Anayejitolea anabaki na gunia.

Tunafika saa kumi na moja alfajiri. Si kumi na moja na nusu. Kulijaza sufuria na kulichemsha ni zaidi ya saa nzima, na tunatumia mawili makubwa. Unga unavurugwa kwanza kwa maji baridi kwenye beseni mpaka ulainike kabisa, ndipo unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku mwingine anakoroga. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji moto utapata mabonge, na mabonge ya sufuria la lita 100 hayakorogeki, nimeshawaona vijana wenye misuli wakilia nayo. Uji ukianza kutokota unaruka. Unashika kwenye ngozi kama gundi. Kwa hiyo mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole, na mwiko mrefu, si upawa. Baada ya kuchemka uache uive nusu saa, usidanganyike na harufu. Chumvi kidogo, sukari mwishoni, limau likipatikana. Maziwa ni siku ya bahati.

Mtoto wa darasa la awali usimpe uji unaofuka. Mimina kwanza kwenye ndoo safi, upoe. Hili nalirudia kila mwaka kwa sababu lilishatokea, na kovu analo mpaka leo, na aliyempa alikuwa mimi.

Tunatumia dona kwa kawaida, na ulezi tukipata. Mtaletewa na watu wema unga wanaouita wa lishe, umechanganywa mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, na unaambiwa ni virutubisho vya aina tano. Hivyo vyote ni nafaka, wanangu. Ni ndugu watano wa baba mmoja. Kama unataka kumjenga mtoto, leta maziwa, leta maharage, leta dagaa wa kusagwa, ingawa dagaa kwenye uji nimeshajaribu na watoto walinigomea siku hiyohiyo. Soya mbichi iliyosagwa tu usiniletee, inataka kuchemshwa kwanza. Na karanga ndiyo kabisa, mpaka nizione kwa macho zikiwa nzima.

Hapo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mtu mwenye nia njema anaweza kuua. Sumukuvu. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu zinaota kuvu, na kuvu ile inatoa sumu ambayo moto wa jiko hauimalizi. Mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, walikufa watu 125. Mwaka 2016 ikaja kwetu, Dodoma na Manyara, wakafa 20. Manyara ni hapo tu, mahindi yake yanauzwa Kilombero na mimi nayajua magunia yake. Kwa hiyo mzigo wowote unaoingia hapa, uwe wa msaada au wa kununua, unamwagwa kwenye turubai na kuchambuliwa punje kwa punje kabla haujaenda mashineni. Yenye rangi ya kijani, nyeusi, yaliyotobolewa, yaliyonyauka, nje. Tena hatuyapi kuku. Tulishawahi kumrudishia mtu gunia zima akiwa amekuja na wageni wake. Alinuna. Anune. Unga uliokwisha kusagwa ambao sijui mahindi yake yalikuwaje, huo siupiki, hata uwe na mhuri wa nani.

Nirudi kwenye saa. Shule nyingi uji ni saa nne, wakati wa mapumziko. Sisi tunagawa kabla ya saa moja, paredi haijapigwa. Walimu walituomba wenyewe. Hisabati na kusoma viko vipindi vya kwanza, na mtoto aliyeamka na njaa anafika saa nne akiwa ameshapoteza nusu ya siku yake anaangalia jua. Lakini saa moja ina ukali wake. Uji wa saa nne ukichelewa dakika 20, mapumziko yanasogezwa. Uji wa saa moja ukichelewa dakika 20, kengele imelia, watoto wameingia darasani, na una lita 150 za uji ambazo hazina mtu. Ilitutokea mwezi wa Aprili, masika, matope ya Unga Limited mnayajua, vijana wawili wa zamu walikwama njiani na mmoja alikuwa bado amelala. Tuligawa saa nne. Watoto walikunywa, hakuna aliyelalamika. Kesho yake wadogo kumi na kitu hawakuja kwenye foleni asubuhi, walikuwa wanacheza uwanjani. Walishajifunza kwamba uji wa asubuhi si wa kutegemea. Ilituchukua wiki mbili kuwarudisha.

Kwa hiyo mkiniuliza mtu wa kujitolea mzuri ni yupi, sitasema mwenye huruma. Wenye huruma nimewaona wengi, wanakuja wiki ya kwanza, wanalia, wanapiga picha, wanaondoka. Nampenda yule mkimya anayekuja Jumanne zake tu, mwaka mzima, Julai na baridi yake ya Arusha, anafunga kitambaa kichwani, anakoroga, anaosha, anakwenda zake kazini. Hata majina ya watoto hayajui.

Jumatatu nataka watu wanne badala ya watatu. Jumamosi na Jumapili hakuna uji wa shule, na Jumatatu sufuria hukombwa mpaka ukoko. Siku hiyo tunaongeza kilo mbili za unga. Mtoto akirudi mara ya pili, mpe. Akirudi mara ya tatu, mpe, umwambie apunguze kukimbia asije akatapika. Usimwambie "wewe si ulishakunywa?" Utakuta pia wanaochukua nusu kikombe na kumimina kwenye chupa ya soda kwa ajili ya mdogo wao aliyebaki nyumbani. Zamani tulikataza kwa sababu chupa moja ilivuja kwenye begi ikaharibu daftari la Kiingereza, mwalimu akaja juu. Sasa tunawapa mifuniko inayobana. Kipindi cha Ramadhani wakubwa watapita bila kuchukua. Waacheni wapite. Hata yule ambaye unajua kwamba hafungi.

Picha kwenye foleni hakuna. Mfadhili mmoja alitaka watoto washike bango lenye jina lake huku vikombe viko mkono wa pili. Nilimwambia hawa wana mikono miwili tu na yote ina kazi. Ukitaka picha, nipige mimi na sufuria. Mimi nimeshazeeka, sina cha kuficha.

Nimalizie na gesi, kwa sababu mhazini ananitazama. Kuni tumeacha. Mnajua agizo la serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, na kwa kifua changu mimi ni wa kwanza kushukuru. Ila gesi haichangiwi kwa kilo moja moja kama mahindi. Mtungi ukiisha umeisha, hauna nusu. Hilo ndilo pengo letu la sasa, na kamati itapita kwenu jioni za wiki ijayo. Msizime taa.

Kuhusu lile daftari langu, mmoja wenu aliniuliza kabla ya kikao kama nililichoma. Kaunta buku la kurasa zote zile? Nimewaambia mimi ni Mpare. Nililigeuza, nikaanza upande wa nyuma. Naandika tarehe, kilo za unga, na idadi ya vikombe. Hamna jina hata moja.

Yule mvulana wa kwaya alimaliza darasa la saba. Siku ya mahafali alinisalimia kama anavyosalimia mtu mwingine yeyote, na sikumkumbusha.

Jumatatu wa zamu ni ninyi wanne mliokaa benchi la nyuma, msijifiche. Saa kumi na moja, geti la upande wa mashine ya kusaga, mlinzi nimeshamwambia. Njooni na kitambaa cha kichwa, kucha zimekatwa, na kila mmoja awe na cheti chake cha kupima afya. Nani ana tochi? Taa ya jikoni imeungua tangu jana.